Unapouliza ghala la Linux, anayejibu ni nani?

Ujumbe unaowakatisha tamaa wengi wanaoanza kutumia Linux ni huu:

    E: Unable to locate package pdftotext

Anayeusoma kwa haraka huamini kwamba programu haipo, au mtandao umegoma, au kompyuta imeharibika. Mara nyingi hakuna hata kimoja. Mashine imefungua orodha iliyohifadhiwa kwenye diski yake yenyewe, imetafuta jina hilo, haikuliona, basi. Haikutoka nje hata hatua moja. Zima data kwenye simu inayokupa hotspoti, rudia amri ileile, utapata jibu lilelile.

Hapa Kigoma jambo hili lina bei. Steshenari ndogo ya Mwanga au Ujiji inayoendeshwa kwa bando la simu haiwezi kupakua kwa kubahatisha. Bando likiisha saa nane mchana, kazi ya mteja inalala. Ukijua ni maswali gani diski yako inayajibu bure, na ni yapi yanatoka nje kula megabaiti, unaokoa pesa na unaacha kupapasa gizani. Nitaanza na familia ya Debian, yaani Debian yenyewe, Ubuntu na Linux Mint, kwa kuwa ndizo ninazozikuta zaidi kwenye laptopu za zamani zilizofufuliwa mjini hapa. Nyingine nitazigusa mbele kidogo.

Sehemu tatu za kuulizia

Ghala la programu ni seva iliyobeba vitu viwili. Kwanza kuna mafaili ya pakeji zenyewe, yaani programu zilizofungashwa tayari kwa kusakinishwa, yale yanayoishia na .deb. Pili kuna orodha inayoeleza kila pakeji: jina, toleo, ukubwa, inategemea nini, na inakaa folda gani ndani ya seva. Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, ilikuwa na pakeji zaidi ya 64,000. Hakuna anayezishusha zote. Kinachoshuka kwako ni orodha.

Orodha hiyo hukaa kwenye /var/lib/apt/lists. Ifungue folda hiyo kwa ls na utakutana na majina marefu ya namna hii:

    archive.ubuntu.com_ubuntu_dists_jammy_main_binary-amd64_Packages

Jina linatisha lakini linasomeka. Seva ni archive.ubuntu.com, toleo ni jammy, ambalo ni Ubuntu 22.04, idara ya ghala ni main, na aina ya prosesa ni amd64. Ndani yake ni maandishi ya kawaida tu. Unaweza kuyapitia kwa less ukitaka.

Kuna faili jingine ambalo wengi hulichanganya na hilo: /var/lib/dpkg/status. Hili halijui chochote kuhusu ghala. Linajua kilichosakinishwa kwenye mashine hii, toleo gani, na kama usakinishaji ulikamilika au uliishia njiani umeme ulipokatika. Halafu, mbali huko nje, kuna seva yenyewe.

Kwa hiyo kila amri ya kuuliza inakwenda mahali pamoja au pawili kati ya hapa patatu. Amri za dpkg, chombo kinachosakinisha .deb yenyewe, husoma kilichosakinishwa. Juu yake kuna apt, chombo kinachotafuta na kuleta pakeji kutoka ghalani. Amri kama apt search, apt show na jamii nzima ya apt-cache husoma orodha, na pale inapobidi huchungulia pia kilichosakinishwa. Zinazotoka nje ni apt update, inayoleta orodha mpya, pamoja na apt install, apt upgrade na apt download, zinazoleta pakeji zenyewe. Mfanyabiashara wa Mwanga mwenye orodha ya bei ya muuzaji wa jumla wa Kariakoo yuko katika hali hiyohiyo: anamjibu mteja papo hapo bila kupiga simu Dar, ila jibu lake ni la siku orodha ile ilipoandikwa.

Hapo ndipo ilipo siri ya makosa mengi. Orodha ikichakaa, apt itakuambia pakeji fulani ipo, toleo fulani, na ukiagiza isakinishwe utapata 404 Not Found. Seva haijafa. Faili la toleo lile limeondolewa kwa sababu limekuja jipya lenye marekebisho, na orodha yako bado inataja la zamani. Dawa yake ni apt update, halafu urudie.

Kinachotokea ndani ya apt update

Amri hii haibadilishi programu hata moja. Nimewaona watu wakiipiga asubuhi na jioni wakiamini wanaboresha mashine, kumbe wanaleta orodha tu. Anayebadilisha programu ni apt upgrade.

Inaanza kwa kupakua faili dogo liitwalo InRelease kwa kila ghala uliloorodhesha. Faili hilo lina sahihi ya kidijitali ya wenye ghala, na ndani yake kuna hesabu za SHA256 za orodha zote, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili na inayobadilika faili likiguswa. Mashine inakagua sahihi kwa kutumia funguo zilizokuja na mfumo, kisha inalinganisha: orodha niliyonayo ina hesabu ileile? Kama ndiyo, haipakui tena, na kwenye skrini utaona neno Hit. Kama imebadilika, inaishusha na utaona Get. Ndiyo maana update ya kwanza kwenye mashine mpya hula makumi ya megabaiti na ya kesho yake hula kidogo sana. Mwishoni kuna mstari unaoanza na Fetched unaokupa jumla. Usome mstari huo, ni risiti yako.

Mnyororo hauishii hapo. InRelease inathibitisha orodha, na orodha inathibitisha kila .deb, kwa kuwa kila pakeji ndani ya orodha ina SHA256 yake. Hii ndiyo sababu maghala mengi hufanya kazi kwa http tupu bila kuleta hatari ya mtu kukuingizia faili bandia njiani. Shikilia jambo hili la hesabu, litatufaa kwenye safari ya boti huko mwisho.

Pamoja na orodha ya pakeji, apt huleta mafaili ya Translation, ambayo hubeba maelezo marefu ya kila pakeji. Kuna wanaoyazima ili kuokoa bando. Inawezekana, na megabaiti zinapungua kweli, ila utafutaji wako unapungua nguvu: neno lililomo kwenye maelezo marefu pekee halitaonekana tena. Mimi nisingeyazima. Ni kuokoa shilingi mia na kupoteza saa nzima.

Kutafuta usichokijua jina

Chukua kazi ya kawaida ya steshenari. Mteja analeta PDF ya kurasa zilizoskaniwa, za Kiswahili, anataka maandishi yake yaweze kuhaririwa. Hujui programu gani inafanya hivyo. Anza hapa:

    apt search swahili

Kati ya majibu utakuta hunspell-sw, kamusi ya kukagua tahajia, na tesseract-ocr-swa, data inayoiwezesha programu ya Tesseract kusoma Kiswahili kutoka kwenye picha. Umeipata, na hujatumia hata kilobaiti moja. Lakini jaribu kuandika kiswahili badala ya swahili uone: maelezo yameandikwa kwa Kiingereza, na apt inatafuta herufi, haitafuti maana. Wewe unayetafuta ndiye unayepaswa kukisia alivyoandika yule aliyeitengeneza pakeji.

Tatizo la kinyume ni majibu mengi mno. Ukitafuta pdf peke yake utapata ukurasa juu ya ukurasa. Ongeza maneno, apt search pdf text hurudisha zile tu zenye maneno yote mawili. Ukitaka kutafuta kwenye majina bila kugusa maelezo:

    apt-cache search --names-only '^tesseract-ocr-s'

Alama ya ^ inasema jina lianze hivyo. Alama za nukuu usiziache, vinginevyo sheli, ile programu inayopokea amri zako, inaweza kuzichezea alama zako kabla hazijafika kwa apt. Ni hivyohivyo kwa apt list 'libreoffice*', ambayo hutumia nyota kwa maana ya chochote kile.

Kwa nini wakati mmoja niandike apt na mwingine apt-cache? Amri ya apt, iliyotambulishwa rasmi na toleo la 1.0 mwaka 2014, imetengenezwa kwa ajili ya macho ya mtu: ina rangi, ina mstari wa maendeleo. Ukiielekeza kwenye grep, amri ya kuchuja maandishi, au ndani ya skripti, yenyewe inakuonya kwamba mwonekano wa majibu yake unaweza kubadilika. Kwa skripti tumia apt-cache na apt-get.

Kusoma jibu la policy

Kama ningelazimishwa kubaki na amri moja tu ya kuuliza, ningebaki na apt-cache policy. Ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayosema mengi. Hili ni jibu la Ubuntu 22.04 kwa programu ya htop:

    htop:
      Installed: 3.0.5-7build2
      Candidate: 3.0.5-7build2
      Version table:
     *** 3.0.5-7build2 500
            500 http://archive.ubuntu.com/ubuntu jammy/main amd64 Packages
            100 /var/lib/dpkg/status

Installed ni kilichopo kwenye mashine. Candidate ni kitakachowekwa ukiagiza sasa hivi. Viwili hivi vikilingana, hakuna jipya kwa mujibu wa orodha uliyonayo. Nyota tatu zinaonyesha toleo lililosakinishwa. Kisha chini ya toleo hilo kuna mistari miwili, na hapo unaziona sehemu zetu mbili zikiwa zimekaa pamoja: toleo hili linajulikana na orodha ya jammy, na linajulikana pia na kumbukumbu ya dpkg.

Namba 500 na 100 ni vipaumbele. Ghala la kawaida hupewa 500. Kumbukumbu ya kilichosakinishwa hupewa 100. Maghala ya backports, yenye matoleo mapya yaliyorudishwa kwa ajili ya mifumo ya zamani, nayo hupewa 100 ili yasijiingize yenyewe. Usipoyaita kwa jina hayaji, ila ukishachukua pakeji huko itaendelea kupata masasisho ya huko. Kipaumbele kikubwa hushinda. Vikilingana, toleo kubwa hushinda.

Sentensi hiyo ya mwisho ina madhara ambayo si wote wanayaona. Ghala la mtu binafsi unaloongeza kwa kufuata maelekezo uliyoyaokota mtandaoni nalo huingia na 500. Likiwa na toleo kubwa zaidi la pakeji yoyote iliyoko kwako, hata ile ambayo hukuifuata huko, upgrade inayofuata itaichukua kutoka huko. Kabla hujailaumu Ubuntu kwa printa iliyoacha kuchapa, piga policy uone pakeji ile ilitoka wapi.

Ukiipiga apt-cache policy bila jina la pakeji, inakuorodheshea maghala yote yanayotumika na vipaumbele vyake. Kwa kompyuta uliyoipokea kutoka kwa fundi mwingine, hiyo ndiyo amri ya kwanza. Ya pili ni hii, kwenye apt ya kuanzia 2.0:

    apt list '?obsolete'

Inaonyesha pakeji zilizosakinishwa ambazo hazipo kwenye orodha yoyote uliyonayo. Mabaki ya toleo la zamani, keneli (viini vya mfumo) zilizoachwa, .deb zilizowekwa kwa mkono kutoka kwenye flashi. Hakuna atakayekuletea masasisho ya usalama ya vitu hivyo.

Kuhusu matoleo yenyewe, wengi hushangaa kuwa ghala lina toleo la zamani. Htop ya Ubuntu 20.04 ni 2.2.0, ya 22.04 ni 3.0.5, na ya 24.04 ni 3.3.0. Toleo la mfumo likishatoka, programu zake nyingi hugandishwa na baada ya hapo hupokea marekebisho ya kasoro na usalama tu. Kusubiri htop 3.3.0 iingie kwenye 22.04 kwa kurudia apt update kila siku ni kulisha kampuni ya simu bure. Firefox huenda kwa utaratibu wake, na tutaifikia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huleta ubishi dukani. Laptopu mbili zenye Ubuntu ileile, zimekaa meza moja, orodha zao zimeletwa dakika ileile, moja inapata sasisho na nyingine inaambiwa lisubiri. Hakuna kilichoharibika. Ubuntu huachia baadhi ya masasisho kwa awamu, asilimia fulani ya mashine kwanza, na apt huamua kwa kutumia kitambulisho cha mashine husika. Baada ya siku chache zote zitakuwa zimefikiwa.

Jina la amri na jina la pakeji

Turudi kwa pdftotext. Ni amri, na ni amri nzuri kwa PDF zenye maandishi halisi, lakini hakuna pakeji yenye jina hilo. Imo ndani ya poppler-utils. Vivyo hivyo ifconfig imo ndani ya net-tools. Orodha ya Packages haina majina ya mafaili yaliyomo ndani ya kila pakeji, ndiyo maana apt search inaweza isikusaidie kabisa hapa.

Majina hayo yapo kwenye orodha nyingine iitwayo Contents, ambayo ni kubwa na kwa kawaida haishushwi. Ukiitaka, sakinisha apt-file, kisha:

    sudo apt-file update
    apt-file search bin/pdftotext

Angalizo la bando: baada ya apt-file kuwepo, hata apt update ya kawaida huanza kuleta Contents. Kwa mashine ya dukani naiona ni anasa. Weka kwenye mashine moja, ya fundi, inatosha. Ubuntu ina mbadala mwepesi unaokuja nayo, command-not-found, ule unaokuambia papo hapo kwamba ifconfig haipo ila unaweza kuipata kwa kusakinisha net-tools.

Kama faili tayari lipo kwenye mashine na unataka kujua lililetwa na nani, usihangaike na apt-file. Uliza dpkg -S ukiipa njia kamili ya faili. Ukitaka kinyume chake, mafaili yote yaliyoletwa na pakeji fulani, ni dpkg -L. Yote mawili ni bure. Ila dpkg -S ina tabia moja inayokera: kwenye matoleo kama Ubuntu 22.04, ukiuliza /usr/bin/ls inasema haijui, na ukiuliza /bin/ls inajibu coreutils. Folda hizo mbili ziliunganishwa zikawa moja, lakini kumbukumbu ya dpkg ilibaki na njia ya zamani. Ukikataliwa kwa njia moja, jaribu nyingine kabla hujahitimisha.

Majina yakiwa sahihi na bado unaambiwa pakeji haionekani, kagua mambo haya. Huenda mashine ni mpya na update haijawahi kupigwa, orodha ni tupu. Huenda idara ya ghala imefungwa. Ubuntu ina main, restricted, universe na multiverse, na programu nyingi za watu ziko universe. Debian nayo huweka firmware, yaani programu ndogo za ndani ya kifaa, za kadi nyingi za Wi-Fi kwenye non-free-firmware, iliyoanza na Debian 12. Huenda toleo lako limezeeka: Ubuntu zisizo za LTS, yaani zisizo za matunzo ya muda mrefu, hutunzwa miezi 9 tu, kisha huhamishiwa old-releases.ubuntu.com, na flashi ya usakinishaji iliyozunguka mjini miaka mingi inaweza kuwa na mojawapo ya hizo. Au huenda mashine ni ya biti 32. Debian 12 ndiyo ya mwisho kuja na keneli na kisakinishi cha i386.

Itakula bando kiasi gani?

Apt show hutaja Download-Size na Installed-Size, ila ni za pakeji hiyo moja. Uzito halisi uko kwenye tegemezi zake. Namna rahisi ni kuagiza usakinishaji bila kuweka -y, ile inayokubali kila kitu bila kuuliza: ikiwa kuna tegemezi za ziada apt itasimama, ikuorodheshee zote, itaje Need to get megabaiti kadhaa, na isubiri. Jibu n. Hakuna kilichoshuka.

Kisha rudia ukiongeza --no-install-recommends ulinganishe. Debian na Ubuntu husakinisha kwa kawaida hata pakeji zinazopendekezwa, ambazo programu inaweza kuishi bila hizo. Tofauti wakati mwingine ni ndogo, wakati mwingine ni kubwa mno. Kwa LibreOffice angalia vizuri unaloliacha, usije ukajikuta huna kamusi wala fonti.

Ukishangaa kwa nini pakeji fulani inataka kuingia, apt-cache depends inaonyesha inachohitaji, na apt-cache rdepends --installed inaonyesha ni nani kwenye mashine yako anayeihitaji.

Hesabu hii ina mwanya mmoja mkubwa, na jina lake ni Firefox. Tangu Ubuntu 22.04, pakeji ya firefox iliyomo ghalani ni ganda. Policy itakuonyesha toleo la ajabu, 1:1snap1, na apt itakuambia inashusha kilobaiti chache. Ukikubali, ganda hilo linaiita snap, mfumo mwingine wa Ubuntu wa kusambaza programu, na snap inashusha mamia ya megabaiti ambayo apt haikuyahesabu. Snap haifuati mpangilio tuliouona hadi sasa. Haina orodha nzima kwenye diski yako. Snap find na snap info huuliza seva moja kwa moja kila mara. Bila mtandao hupati jibu la duka lake, utaona tu kilichopo kwa snap list. Linux Mint iliizuia snap tangu toleo la 20, mwaka 2020, kwa faili dogo la vipaumbele linaloitwa nosnap.pref, na huweka Firefox yake kama .deb. Kwa wenye bando la kuhesabu, nadhani hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuchagua Mint.

Familia nyingine

Fedora na ndugu zake hutumia dnf: dnf search kutafuta, dnf info kusoma, dnf provides '*/pdftotext' kuuliza faili limo kwenye pakeji gani, na dnf repoquery kwa maswali ya kina. Tofauti ya kukumbuka ni kwamba dnf haisubiri uiagize kuleta orodha. Ikiona orodha imepita muda wake, huiburudisha yenyewe hata kama umeuliza swali la kutafuta tu, na hapo bando linakwenda bila wewe kutarajia. Ongeza -C na itabaki kwenye diski. Majina nayo hutofautiana: apache2 ya Debian ni httpd kwa Fedora, na pakeji za -dev huko ni -devel.

Arch imegawanya vizuri kuliko wote, kwa herufi. Pacman -Ss na -Si huuliza orodha ya ghala, -Qs na -Qi huuliza kilichosakinishwa, -F huuliza mafaili. Epuka tu kupiga -Sy ukiambatisha pakeji moja bila kusasisha mfumo mzima. Arch haikubali masasisho nusunusu na mashine inaweza kugoma kuwaka. Zypper ya openSUSE na apk ya Alpine sina mengi ya kuzisemea: zypper se, apk search, na mantiki ni ileile.

Kubeba jibu kwenye flashi

Sasa tuseme kuna kompyuta Kagunga isiyo na mtandao wa maana, inahitaji tesseract-ocr na tesseract-ocr-swa, na fundi anapanda boti Kibirizi kwenda huko. Kosa la kawaida ni kuuliza kwenye laptopu ya mjini, kuchukua pakeji ilizotaja, na kuondoka. Laptopu ya mjini inataja zile ambazo yenyewe haina, kwa sababu imechungulia status yake. Ya Kagunga ina status yake nyingine, na ukifika utaambiwa zimepungua tatu.

Swali linatakiwa kuulizwa kwenye mashine itakayosakinishiwa:

    apt-get install --print-uris tesseract-ocr tesseract-ocr-swa > orodha.txt

Amri hii haipakui kitu. Inaandika anwani kamili ya kila .deb inayokosekana pale, pamoja na jina lake na ukubwa kwa baiti. Faili hilo ndilo linalorudi mjini. Ikiwa orodha za mashine ile ni za zamani mno, anwani zitarudisha 404, kwa hiyo safari ya kwanza beba pia yaliyomo kwenye /var/lib/apt/lists ya mashine ya mjini yenye toleo lilelile, prosesa ileile na maghala yaleyale, uyanakili huko kabla ya kuuliza. Kama safari ni moja tu na huwezi kurudi, tumia mjini badala yake nakala ya /var/lib/dpkg/status uliyoichukua huko mara ya mwisho. Apt inakubali kuelekezwa kwenye status nyingine:

    apt-get -o Dir::State::status=/home/fundi/status-kagunga install --print-uris tesseract-ocr tesseract-ocr-swa

Mjini unazishusha kwa wget, amri ya kupakua, ukizihifadhi kwa majina yaleyale yaliyoandikwa na --print-uris, maana jina hilo si lazima lifanane na lile la kwenye seva. Kabla ya kuzibeba, chukua mstari wa SHA256 kutoka kwa apt-cache show wa kila pakeji ulinganishe na sha256sum ya faili ulilopata, maana flashi zinazopita mkono kwa mkono hazina adabu. Ukifika, ziweke kwenye /var/cache/apt/archives na upige apt-get install kama kawaida, ukiongeza --no-download ili isijaribu kutoka nje. Kisha tesseract --list-langs. Swa ikionekana kwenye majibu, kazi ya kusoma karatasi inaweza kuanza.